Mafuta Yaliyomfaa Mama

Kila siku baada ya shule, Umejuaje alibadili sare, akanawa mikono na kuingia chumba cha mbele, ambako mama yake alikuwa na saluni. Saluni yenyewe ilikuwa na viti viwili, kioo kirefu na benchi la wanaosubiri, na benchi hilo halikuwahi kukaa kimya. Kazi ya Umejuaje ilikuwa kuchambua nywele za bandia na kumpa mama mafungu madogo madogo wakati anasuka. Shuleni aliandikishwa kwa jina jingine, lakini wateja walimbandika hili kwa sababu ya swali lake. Mtu akisema kesho mvua itanyesha, yeye huuliza, "Umejuaje?" Akiambiwa nywele zikisukwa Jumatatu hukua haraka, huuliza vilevile. Wapo waliomwona mjuvi, na wapo walioacha saluni za karibu na kwao ili waje kumsikia.

Pembeni mwa kioo palikuwa na kopo la mafuta ambayo mama aliyachanganya mwenyewe jikoni. Alitia mafuta ya nazi, mafuta mgando na kitu chenye harufu nzuri ambacho hakumtajia mtu. Nywele zilizopakwa mafuta hayo zilibaki laini wiki nzima. Mama alikuwa pia na desturi yake: akimaliza kusuka, mafuta yaliyobaki viganjani alijipaka usoni, na kama binti yake yuko karibu, alimvuta na kumpaka paji la uso na mashavu.

"Mafuta hayatupwi," alikuwa akisema.

Uso wa mama ulikuwa laini, hauna hata doa, na umri wake haukuonekana. Wateja waliuona, wakaanza nao kuomba wapakwe.

Mwaka ule Umejuaje alipotimiza miaka kumi na mitatu, chunusi zikaanza. Ya kwanza ilitokeza juu ya nyusi, akaipuuza. Baada ya miezi miwili paji zima la uso lilikuwa na vipele, vingine vina usaha, na vilimuuma akivigusa. Alimwomba mama amsuke nywele za kuangukia mbele ili zivifunike. Shuleni yeye ndiye aliyesoma habari kila Ijumaa asubuhi mbele ya wanafunzi wote, na hakuna kazi aliyoipenda kama hiyo. Sasa alimwambia mwalimu kwamba koo linamuuma. Wiki ya kwanza mwalimu alimpa pole. Wiki ya tatu alimtazama kwa makini, akasema, "Koo lako lisipopona hadi mwisho wa mwezi, nitampa mwingine kazi hii moja kwa moja."

Umejuaje alirudi nyumbani amenywea. Hakutaka mtu mwingine asome habari zake, na hakutaka shule nzima iutazame uso wake. Alikaa kwenye benchi la saluni, akafungua ukurasa mpya wa daftari na kuchora mstari katikati. Upande mmoja aliandika "Ushauri", upande wa pili "Amejuaje".

Alianza kwa kumuuliza mshonaji, jirani yao, aliyekuwa akisukwa siku hiyo.

"Limau," alisema mshonaji bila kusita. "Kata vipande, sugua, kaa nalo mpaka likauke. Chunusi zitakimbia zenyewe."

"Umejuaje, shangazi?"

"Mtoto huyu naye! Kila mtu anajua."

Umejuaje akaandika "kila mtu". Mama naye alisema ni mambo ya umri tu, zitaisha, na kwamba mafuta yatamsaidia ngozi isikakamae. Amejuaje? Kwa sababu yeye yanamsaidia. Rafiki yake wa darasani, aliyeitwa Pipi kwa kuwa mfuko wake haukukosa pipi, alisema dawa ya meno. Aliiona kwenye simu ya dada yake, na yule binti wa kwenye simu alikuwa na ngozi nzuri ajabu.

"Alikuwa na chunusi kabla?" Umejuaje aliuliza.

Pipi alifikiri kidogo. "Hapana. Sidhani kama amewahi kuwa nazo."

Ukurasa ulijaa, ila upande wa "Amejuaje" ulikuwa mwembamba kuliko alivyotarajia. Hata hivyo mtu akiwa na shida hujaribu. Jumamosi asubuhi alisugua limau, akatoka kuanika nguo juani. Kabla hajamaliza kamba moja uso ulikuwa unamwaka moto. Alikimbilia bomba, akanawa mpaka maji yakalowesha gauni. Siku mbili baadaye, mahali palipoungua palibaki madoa meusi, na chunusi hazikukimbia popote. Mshonaji alipoelezwa alitikisa kichwa kwa huruma, akasema labda limau lenyewe halikuwa limeiva.

Jumatatu Pipi alimletea kikopo cheupe kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. "Binamu yangu anapaka hii. Wiki moja tu, uso wote umekuwa safi."

Umejuaje alikizungusha kikopo mkononi. Hakikuwa na jina, wala orodha ya vilivyomo, wala tarehe. Alifungua kifuniko, akanusa, na kidole chake kikafika karibu kabisa na krimu. Alitamani sana uso safi kwa wiki moja. Lakini alikumbuka jinsi limau lilivyomuunguza, akafunga kifuniko na kwenda nacho moja kwa moja hadi duka la dawa karibu na shule.

Mfamasia alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi. Umejuaje alimwamkia, akaweka kikopo juu ya meza.

"Shikamoo, mama. Hii inatibu chunusi?"

"Marahaba. Sijui," alijibu mfamasia.

Jibu hilo lilimshangaza Umejuaje, kwa sababu katika daftari lake lote hakuna mtu aliyesema hajui.

"Sijui kwa sababu hakijaandikwa kitu," mfamasia aliendelea. "Krimu nyingine za aina hii huwekwa dawa kali za kuchubua. Uso unaonekana safi siku chache, kisha ngozi inaharibika. Mwambie na mwenye kikopo aache kukitumia."

"Umejuaje?" Swali lilimtoka kabla hajalizuia, akajifunika mdomo.

Mfamasia alicheka. "Swali zuri hilo, usilionee aibu. Nilisomea dawa miaka minne, na mpaka leo nasoma yanayogunduliwa upya. Lakini mimi si daktari wa ngozi. Chunusi zisipopungua kwa wiki sita hadi nane, au zikianza kuacha makovu, nenda kliniki. Sasa zamu yangu kuuliza. Ngozi yako ni ya mafuta, kavu, au ya katikati?"

Umejuaje alijigusa shavu. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na yeye mwenye maswali yote hakuwahi kujiuliza.

"Nenda nyumbani unawe uso kwa sabuni isiyo kali," mfamasia alisema. "Usipake kitu. Baada ya saa moja, gandamiza tishu pajini, puani na mashavuni, uitazame kwenye mwanga. Si kipimo cha daktari, lakini kitakupa fununu. Halafu andika kila kitu kinachogusa uso wako kuanzia asubuhi hadi unapolala. Kila kitu, hata kile unachokiona kidogo."

Umejuaje alisubiri auziwe kitu, lakini mfamasia alimsukumia kikopo chake na kumuaga.

Jioni ile alinawa, akamshawishi na mama anawe bila kujipaka. "Leo nimekuwa maabara," mama alilalamika huku akicheka. Saa moja ilipopita, Umejuaje aliinua tishu mbili dirishani. Ya mama ilikuwa kavu vilevile. Yake ilikuwa na mabaka yanayopitisha mwanga, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Alizitazama kwa muda mrefu, akifurahi kwamba amepata jibu lake mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Kisha akaanza kuandika vinavyogusa uso wake. Maji. Sabuni. Mto. Nywele za mbele. Vidole vyangu. Alipofika hapo kalamu ilisimama, kwa sababu jambo lililofuata lilikuwa mikono ya mama.

Aliona vibaya. Mafuta yale yalikuwa fahari ya mama yake, na wateja waliyasifia kila siku. Usiku huo alifunga daftari, akalala bila kumwonyesha. Siku ya pili baada ya shule alikuwa akichambua nywele kama kawaida, na mshonaji yuko kwenye benchi amekuja kupiga soga, wakati mama alipomaliza kichwa cha mteja. Mama alijipaka usoni, kisha akanyoosha viganja kumwelekea binti yake. Umejuaje akarudi nyuma hatua moja.

"Vipi?" mama aliuliza.

Umejuaje akapiga moyo konde. "Mama, nadhani chunusi zangu zinatokana na mafuta haya."

Mama alishusha mikono taratibu, na uso wake ulionyesha wazi kwamba ameumia. "Mafuta yangu? Miaka yote hii napaka uso huu. Umejuaje?"

Mshonaji alicheka, lakini mama hakucheka.

"Sijajua bado," Umejuaje alisema, akamletea tishu mbili na daftari. "Ngozi yako ni kavu, ndiyo maana yanakufaa. Yangu tayari ina mafuta, na tunaiongezea. Na nywele nilizoangushia mbele nazo zimepakwa. Naomba nisipake usoni wiki sita, ndipo tutajua."

Mama alizishika tishu, akazipeleka dirishani mwenyewe. Alizigeuza na kuzirudia. "Wiki sita," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa na furaha. Lakini jioni ile ile alimfumua nywele za mbele, akazisuka kurudi nyuma.

Umejuaje alinawa uso asubuhi na jioni, hakutumbua kipele hata kimoja, na alibadili foronya ya mto. Wiki ya kwanza haikutokea kitu, na nusura afe moyo. Wiki ya pili alimfuata mwalimu na kumwambia ukweli kuhusu koo. Mwalimu hakufurahia uongo ule, lakini Ijumaa alimpa karatasi ya habari. Umejuaje alisoma paji likiwa wazi, na vipele bado vipo. Wawili watatu walimtazama sana mwanzoni, kisha habari za mechi zikawavuta. Kufikia wiki ya sita vilikuwa vimebaki vichache, na havikumuuma tena.

Mama hakulisema jambo hilo mpaka siku alipokuja mteja mgeni na binti yake wa umri wa Umejuaje. Binti aliinamisha uso muda wote. Kazi ilipokwisha, mteja alisema, "Nimesikia sifa za mafuta yako. Mpake na huyu usoni, tafadhali, chunusi zimemzidi."

Mama alitazama viganja vyake vilivyong'aa mafuta, akaenda kuvinawa kwa sabuni. Aliporudi alimkalisha yule binti karibu na dirisha.

"Mafuta yangu ni mazuri, na sitaacha kusema hivyo," mama alisema. "Kosa langu ni kwamba nilidhani uso wangu ni uso wa kila mtu. Nilimpaka mwanangu miaka mingi bila kumuuliza ngozi yake ikoje, na nilikuwa nampenda kweli. Kwa hiyo mtu akikupa dawa kabla hajakuuliza chochote, mshukuru, halafu katafute aliyesomea kazi hiyo."

Kisha akamwomba Umejuaje alete tishu.