Figo za Nguruwe na Viazi vya Baba

Kila jioni Murugi alipotoka shule aliwalisha nguruwe wao wanne, akanawa mikono hadi viwikoni, kisha akamenya viazi vya baba yake, Simeon. Alivikata vidogo vidogo, akavichemsha, akamwaga maji, akavichemsha tena katika maji mengine. Figo za baba zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki damu yake ilisafishwa kwa mashine mjini Nyeri, na madini ya viazi, yale yanayotoka na maji ya kuchemshia, yakimzidi mwilini yangeweza kusimamisha moyo wake.

Siku moja mwalimu Naliaka aliwasomea gazeti darasani. Huko ng'ambo, wataalamu wamebadilisha chembe za urithi za nguruwe ili figo za wanyama hao zipandikizwe kwa binadamu.

"Murugi, nguruwe wenu wanne wana figo nane," Kefa akasema. "Baba yako anangoja nini? Ama anaogopa kukoroma kama nguruwe?"

Darasa likacheka.

"Hao wa gazetini si nguruwe wa hapa Kiriaini, Kefa," mwalimu akamkemea. "Na hayo bado ni majaribio."

Murugi hakulishika neno majaribio. Alifika nyumbani amefura kwa hasira, akalipiga teke hori la nguruwe. Kama figo zinakuja, ya nini kuhangaika na viazi? Akavichemsha mara moja tu, akaviponda pamoja na maji yake, kama mukimo, viazi vya kupondwa wanavyokula watu wengine.

"Umemwaga maji?" mama akauliza.

"Nimemwaga."

Asubuhi miguu ya baba ilikataa kumbeba. Hospitalini, nesi Mbula aliuliza mgonjwa amekula nini.

"Viazi, vimechemshwa mara mbili," mama akajibu.

Murugi aliutazama mdomo wa baba ukihangaika kutafuta hewa.

"Ni mara moja," akasema. "Nilidanganya. Kefa alimcheka baba kwa habari ya figo za nguruwe, nikakasirika."

Mama akamgeukia. "Umkasirikie Kefa, hasira umpakulie baba yako kwenye sahani?"

Nesi alikuwa tayari anamdunga baba sindano ya kuulinda moyo. Kisha wauguzi wakamuunganisha na mashine. Baada ya muda wa saa nne baba aliketi, akaomba blanketi.

Mama bado hakutaka kumwangalia Murugi. Nesi ndiye aliyemwita kando.

"Figo hizo za nguruwe zikifika kwetu nitafurahi kukushinda," akasema, sauti kali. "Lakini figo ya kesho haisafishi damu ya leo. Ungekawia kusema ukweli, mashine ingekuta moyo umesimama. Kasirika upendavyo, mtoto wangu, ila usimdanganye anayemtibu baba yako."