Kombora la Mlangoni kwa Télesphore

Wazazi wenzangu, nisikilizeni. Niliyaona haya kwa macho yangu katika mtaa wetu wa Tshopo, hapa Kisangani.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 2000. Vita vya siku sita, vya majeshi ya Rwanda na Uganda, vilikuwa vimekwisha, shule bado zimefungwa, na asubuhi zetu zilikuwa zimetulia tena. Mlisikia twanga-twanga ya pondu, majani ya mihogo, na vicheko vya watoto kutoka karakana ya seremala Yunus. Yeye aliwakusanya watoto wadogo, wa miaka saba hadi kumi, akawafundisha kwa kujenga. Walijenga madaraja ya vijiti vya mianzi, wakayapakia mawe mpaka yavunjike, kisha Yunus akauliza, "Limevunjikia wapi? Kwa nini hapo?" Hakuwapa jibu. Walijenga upya.

Aliyekuwa hodari kuliko wote ni Annette, mtoto wa miaka tisa, binti wa jirani yangu Télesphore, mfanyabiashara wa chumvi na maharagwe kutoka Butembo. Télesphore hakuwa mtu mbaya. Watoto wake walikula na kuvaa. Lakini hakuwahi kuuliza binti yake anajenga nini.

Watoto walipoanza kuokota vyuma vya kujengea, Yunus aliogopa. Aliwaonyesha picha za makombora yaliyolala bila kulipuka, akawaambia wasiguse, waite wakubwa. Kisha akawaita wazazi wote. Télesphore hakwenda. Alituma kilo moja ya chumvi, kama shukrani.

Na mlangoni pa depo yake, ghala alimouzia chumvi, kulikuwa na kombora. Aliliokota nyuma ya nyumba baada ya vita, akalitumia kuzuia mlango usijifunge.

"Papa," Annette alimwambia jioni ya mkutano ule, "ile kitu ya mulango iko bombe. Papa Yunus alituonyesha picha yake."

Télesphore alicheka. "Ilishakufa hii. Bombe yenye inalala miezi mbili iko bombe gani? Yunus ni fundi wa viti, anajua nini ya vita?"

"Lakini papa, Isaïe anachezeaka pale."

"Bon, inatosha. Enda kula."

Isaïe ni mdogo wake Annette, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea.

Siku mbili baadaye mama yao, Kahambu, alivuka mto kwenda Lubunga kununua mihogo. Annette alikuja kwangu na mtoto mgongoni. "Mama Agathe, unikamatie Isaïe kidogo." Nilimpokea. Sikumuuliza anakwenda kufanya nini. Ee Mungu wangu, sikuuliza!

Haya yanayofuata alinieleza mwenyewe baadaye. Alilifunga kombora kamba, akalivuta polepole juu ya magamba ya mgomba hadi kwenye shimo la takataka. Juu ya shimo alikuwa amesimamisha miti mitatu ya mianzi na ringi ya baiskeli ya kupitishia kamba. Yeye mwenyewe alijificha nyuma ya ukuta wa matofali, mbali, akalinyanyua kwa kamba, akaanza kulishusha shimoni kidogo kidogo.

Hapo ndipo baba yake alipoingia uani.

Nilisikia ukelele, nikakimbilia uzio. Télesphore alikuwa amesimama, mdomo wazi, akitazama kombora likining'inia.

"Annette! Unafanya nini?"

"Papa, usikuje! Rudia nyuma, papa, nakuomba!"

Hakurudi. Alikwenda mbiombio akaikamata kamba kwa mikono miwili, akaivuta kwake kwa hasira. Mti mmoja wa mianzi uliteleza. Kombora liligonga ukingo wa shimo.

Sikusikia mlio, nilihisi tu ardhi ikinirusha. Nilipoinuka, moshi ulikuwa umejaa uani, na Télesphore hakuwapo tena. Isaïe alikuwa analia mikononi mwangu. Nyuma ya ukuta Annette alikuwa amekaa, mzima, damu ikimtoka sikioni, bado ameshika kipande cha kamba.

Yunus alikuja mbio. Aliketi chini kando yake, akalia kama mtoto. "Ningekuja mwenyewe hapa," alisema. "Miguu ninayo. Kwa nini sikukuja?"

Annette alimtazama, kisha akanigeukia mimi. Alizungumza kwa sauti kubwa, maana masikio yake yalikuwa hayasikii. "Nilimwambia arudie nyuma. Mama Agathe, ulisikia? Sasa sababu gani hakurudia?"



FUNDISHO

Wazazi, mtoto akifundishwa kupima, kujenga na kuuliza, anajua mambo tusiyoyajua sisi. Kumlisha na kumvika hakutoshi. Nenda ukaone anachojenga, na akikuambia kuna hatari, nyamaza umsikilize. Usipomsikiliza atajaribu kuiondoa mwenyewe, na kombora si kazi ya mtoto, wala ya baba. Msiliguse, ondokeni, mwiteni anayejua kulitegua.

Nami sijitoi lawamani. Nilinunua chumvi mlangoni pale wiki baada ya wiki. Nililiruka kombora lile nikiingia, nikaliruka nikitoka, na sikusema neno.