Alama Kwenye Kiganja cha Nzembi

Kila Jumamosi asubuhi Nzembi hufua soksi zake za shule, hupiga deki, kisha hulalamika. Kulalamika hakumo katika kazi alizopangiwa, lakini ndiyo kazi anayoifanya kwa bidii zaidi. Jumamosi hiyo alimlalamikia shangazi yake, Kasiva.

Shangazi Kasiva ana ofisi ndogo katikati ya jiji. Kazi yake ni kutafuta jamaa za watu waliofanywa watumwa zamani katika mashamba ya mtama ya pwani. Wiki hiyo alikuwa amemleta mgeni nyumbani kwao katika mtaa wa Satellite. Mgeni mwenyewe ni Bi Mwanasiti, mama mzee kutoka karibu na Malindi. Babu wa babu yake aliondolewa Ukambani akiwa mvulana wa umri wa Nzembi, akalima shamba la bwana mpaka akazeeka. Kitu alichoacha ni mfuniko wa mzinga wa nyuki, aliouchonga alama ya ukoo wake.

"Magoti yangu hayatanileta tena huku," Bi Mwanasiti alimwambia Nzembi, akiufunga mfuniko ule ndani ya leso. "Nikirudi bila kuwapata watu wetu, basi."

Neno hilo lilimuuma Nzembi. Alitaka watu hao wapatikane, tena upesi.

"Kawaulize wazee Wakamba tunaosali nao," shangazi alimwagiza. "Wachore wenyewe alama za koo zao. Usiwaonyeshe ya mgeni wetu. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi. Lakini hiyo si itachukua siku nzima?"

"Ichukue."

Kwa Mzee Mwau, Nzembi alisikiliza habari za mbuzi, kisha habari za kiuno, kisha habari za mwanawe mzee huyo, ambaye hapigi simu. Chai ikanywewa mara mbili. "Alama?" mzee akasema hatimaye. "Ngoja nikumbuke." Nzembi alingoja mpaka akaona yeye ndiye anayezeeka. Akatoa kalamu, akaichora alama ya Bi Mwanasiti kwenye kiganja chake.

"Ni hii?"

"Hiyo hiyo," akasema Mzee Mwau, na miwani iko mfukoni.

Kumbe kazi ilikuwa rahisi hivyo! Mama Mwendwa naye alisema, "Ya kwetu kabisa. Huyo mgeni anapenda kula nini?" Familia ya tatu ikakubali hata kabla hajakifungua kiganja vizuri. Ni Mzee Mwololo wa mtaa wa Mountain View tu aliyekitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hii sijawahi kuiona," akafunga geti. Nzembi alirudi nyumbani akinung'unika juu ya wazee wasio na shukrani.

Jumapili baada ya ibada, sebule ya kina Nzembi ilijaa wale walioikubali alama. Mzee Mwau alimwita Bi Mwanasiti dada yake. Mama Mwendwa, aliyekuja na kuku, alisema dada ni wake yeye na atalala kwake. Familia ya tatu ilitaka kujua kuku huyo ameletwa kwa ruhusa ya nani. Bi Mwanasiti aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kwanza alifurahi, kisha akachanganyikiwa.

"Sasa mimi ni wa nani?" akauliza.

Shangazi akawapa wote karatasi wachore. Wote wakachora duara na mistari miwili. Shangazi akachungulia ndani ya leso. Kwenye mfuniko kulikuwa na duara, mistari miwili, na chini yake mkato mdogo wa pembeni. Akamgeukia Nzembi, aliyekuwa ameukalia mkono wake.

"Hebu nione huo mkono."

Wino ulikuwa bado haujatoka.

"Nzembi, nilikuambia nini?"

"Wachore wenyewe."

"Ukafanya nini?"

"Nikawaonyesha. Tena nilichora vibaya."

Shangazi aliketi. "Mtoto huyu atanimaliza. Kazi ya miezi umeivuruga kwa kalamu moja."

Nzembi angeweza kulia na kuishia hapo. Lakini alimwona Bi Mwanasiti akikaza fundo la leso, tayari kukata tamaa. "Kuna mmoja alikataa," akasema. "Nilimkasirikia, ndiyo maana sikuwaambia."

Jioni walikwenda Mountain View. Shangazi alimpa Mzee Mwololo chaki achore alama ya ukoo wake, asimweleze lolote zaidi. Mzee akainama, akachora kwenye saruji ya baraza: duara, mistari miwili, na mkato mdogo wa pembeni. Bi Mwanasiti alishika ukuta.

"Alama hii ni ya ukoo mzima," shangazi akasema. "Kwenu kuna aliyepotea, Mzee?"

Mzee alijifuta chaki vidoleni.

"Hakupotea. Mwaka wa njaa, watu wetu walimtoa kwa msafara wa wafanyabiashara ili wapewe nafaka. Walisema watamrudia, na hawakumrudia. Kwetu jambo hilo halisemwi. Aliitwa Ndambuki."

Jina hilo Bi Mwanasiti alimpa shangazi peke yake, naye hakuwa amemtajia mtu yeyote, hata Nzembi. Bi Mwanasiti akaifungua leso.

"Shambani walimwita Farjala," akasema. "Lakini aliwafundisha watoto wake jina lake, kwa sababu aliahidiwa kufuatwa."

Mzee Mwololo aliuona mfuniko, akavua kofia. "Tumechelewa, dada yangu."

"Mmechelewa sana," akajibu Bi Mwanasiti, akimwekea mfuniko mikononi. "Nimekuja mwenyewe."

Njiani kurudi, shangazi alikuwa bado na hasira, lakini alimshika Nzembi mkono.

"Ukimpa mtu jibu, atakurudishia jibu lako mwenyewe. Bi Mwanasiti angerudi Malindi na ndugu wa kuokota, na ndugu yake wa kweli yuko hapa. Mtu akikuambia hajui, mshukuru, maana hajakudanganya. Kilichotuokoa leo ni kwamba ulisema ukweli, hata kama ulichelewa. Na kesho utakwenda kumwomba Mama Mwendwa radhi."

"Shangazi, Mama Mwendwa ana maneno mengi."

"Utayasikiliza yote, mpaka amalize."