Tangazo la Paka Shombo

Jumatatu moja asubuhi, nyumbani kwa Mwanawema mtaa wa Jadida, Wete, chai ilikuwa tayari na hakuna aliyeinywa. Ishak, mtoto wake wa miaka saba, alikuwa anakohoa tangu alfajiri. Mwanawema alimpa dawa ya pumu ya kuvuta, akamsugua mgongo. Paka wao, Shombo, alijikunja miguuni pa mtoto, hana habari.

Mumewe, Vuai, alisimama mlangoni. Juzi yake daktari aliwaambia kwamba mtoto ana pumu, na manyoya ya paka yanamchokoza. Paka ahame.

"Ijumaa namtia guniani," alisema Vuai. "Nakwenda kumtupa sokoni Konde. Huko hakosi vichwa vya samaki."

"Humtupi," alisema Mwanawema. "Paka huyu kalala na mwanangu miaka minne. Umwache sokoni apigwe mawe, avunjwe kiuno na gari? Baba Ishak, muogope Mungu."

Vuai hakuwa mtu mbaya. Lakini watu wengi wasio wabaya hutupa paka, na mimi jambo hilo hunipandisha hasira kila ninapolisikia. Humtia mnyama guniani, huenda naye mbali, humwaga, kisha hurudi nyumbani kula. Husema, "Paka hafi njaa." Hufa.

"Basi mtafutie wa kumchukua," alisema Vuai. "Una siku nne. Ijumaa nikitoka msikitini, gunia."

Katika simu ya Mwanawema kulikuwa na kundi la WhatsApp liitwalo Soko Letu. Watu walitangaza humo vitanda, mbuzi na nguo. Mwanawema alimpiga picha Shombo akiwa amelala, akaandika: "Paka mzuri sana, mpole, hana tabu yoyote. Bure. Anayewahi ni wake. Njoo leo."

Sasa, Shombo tabu alikuwa nayo. Mwezi ule peke yake alikula vifaranga sita vya majirani. Mwanawema aliandika, "Ila anakula vifaranga." Akayatazama maneno yale. Akayafuta. Ndivyo alivyolelewa, kwamba aibu ya nyumba haitoki nje, na anayesitiri naye husitiriwa. Akatuma tangazo lake.

Simu mbili za mwanzo zilikuwa za wanaume waliotaka kujua kama mwenye paka naye anachukuliwa bure. Mwanawema aliwakatia.

Alasiri alikuja Bi Kijakazi, mama wa makamo kutoka Konde. Hakuuliza kitu. Mwanawema naye hakumuuliza kitu. Shombo akatiwa tengani, akaondoka. Ishak alilia mpaka kifua kikambana tena.

Jumatano Bi Kijakazi alirudi. Alisimama barazani, tenga mkono mmoja, pakacha mkono wa pili. Alipokaribishwa hakuitikia.

"Weye ndo ulosema hana tabu?"

"Ndimi, bibi. Kwani kuna nini?"

Bi Kijakazi alilipindua pakacha. Vifaranga tisa vilivyokufa vikaanguka barazani.

"N'hesabie tabu hizo," alisema. "Mie mjane. Kuku wangu ndo sabuni yangu, ndo nguo yangu. Ungenambia neno moja tu, nisingemchukua. Ulijua?"

Mwanawema aliinamisha kichwa.

"Ulijua," alisema Bi Kijakazi. Akafungua tenga. Shombo aliruka, akaingia ndani, akapanda kitandani kwa Ishak.

Jioni ile Vuai alilitoa gunia, akaliweka karibu na mlango. Mwanawema alifungua simu atume tangazo jengine. Akakuta lile la kwanza limefutwa. Msimamizi wa kundi alikuwa jirani yao, Nadhira, ambaye kazi yake ni mifugo. Yeye huchanja ng'ombe, mbwa na paka. Mwanawema alivaa buibui, akaenda kwake na hasira zake.

"Bi Nadhira, ni wewe ulofuta tangazo langu?"

"Ni mie."

"Keshokutwa Vuai anamtupa Shombo, nawe jirani yangu unanifutia?"

"Ningelifuta mara kumi. Kaa."

"Sikai."

"Basi simama, lakini n'sikilize." Nadhira naye alikuwa amekasirika. "Unajua naokota paka wangapi majaani, miguu imevunjika? Wengi walitolewa kwa maneno kama yako. Hana tabu, hana tabu. Mtu akimchukua akaikuta tabu, anamtupa. Bi Kijakazi kafanya wema kumrejesha. Vuai anataka kumtupa kwa gunia. Weye ulishamtupa kwa maneno."

Mwanawema alikaa.

"Nilikuwa namsitiri," alisema polepole.

"Sitara ni ya binadamu alokosa akatubu. Lakini ukimpa mtu kitu, unajua kina ila, ukanyamaza, hiyo ni hadaa. Ukiuziwa ng'ombe asotoa maziwa, utasema muuzaji kamsitiri ng'ombe wake?"

"La."

"Haya. Paka ana miaka mingapi? Hukusema. Kachanjwa?"

"Ulimchanja mwenyewe."

"Mbona hukuandika? Jambo baya umeficha, na zuri umeficha. Kwa nini anahama?"

"Pumu ya Ishak."

"Andika. Mtu asojua sababu hudhani paka mgonjwa. Picha ionyeshe sikio lile lilochanika. Na hilo la anayewahi ni wake, usilirudie. Paka si sahani ya pilau. Muulize mtu anakaa wapi, anafuga nini, atamlisha nini. Asotaka kuulizwa, usimpe. Na weka namba ya Vuai, wapumbavu wasikusumbue."

"Na Bi Kijakazi?"

"Huyo kwanza, kabla hujaandika kitu."

Mwanawema alimpigia Bi Kijakazi palepale. Alimtaka radhi, akamuahidi kuku wa kufidia vifaranga vyake. Bi Kijakazi alisema, "Nimesikia," akakata simu.

Kisha waliandika pamoja:

"Paka dume, miaka minne, jina lake Shombo. Rangi ya kijivu, sikio la kushoto limechanika. Amechanjwa mwaka huu. Anahama kwa sababu mtoto wetu ana pumu. Ila yake: anakula vifaranga na haachi. Usimchukue kama unafuga kuku. Sifa yake: panya hawakai alipo. Hatumpi mtu kabla ya kuzungumza naye. Mpigie Vuai, mchana tu."

Vuai alilisoma. "Nani atamchukua mwizi alotangazwa?" aliuliza.

Alhamisi mchana kutwa ilionekana kwamba kasema kweli. Watu kundini walicheka tu. Mwanawema alilitazama gunia mlangoni, akashindwa kula.

Alasiri ujumbe mmoja uliingia chini ya tangazo. Ulikuwa wa Bi Kijakazi. "Paka huyu namjua. Yalosemwa hapa kweli tupu. Vifaranga vyangu tisa ni mashahidi. Na hasira bado n'nazo."

Haikupita nusu saa, simu ya Vuai ikalia. Alikuwa Jabir, mwenye ghala la mchele hapo Wete.

"Mie sina kuku hata mmoja," alisema Jabir. "N'na panya. Ikiwa huyo mama bado kakasirika na anasema tangazo ni kweli, basi paka namtaka."

Vuai alitaka kusema njoo. Mwanawema akaichukua simu.

"Assalamu alaikum. Ghalani unatumia sumu ya panya?"

"Waalaikumu salamu. Natumia, ndiyo."

"Basi hatukupi. Akila panya alokula sumu, atakufa naye."

Jabir akauliza, "Na nikiitoa?"

"Uitoe yote, ufagie, ufagie tena. Mume wangu aje atazame. Na Ijumaa ghala limefungwa, nani atamlisha?"

"Mie mwenyewe. Nakaa nyuma ya ghala."

Ijumaa, alipotoka msikitini, Vuai hakulishika gunia. Alikwenda ghalani kwa Jabir, akapiga magoti, akachungulia chini ya kila gunia la mchele. Aliporudi nguo yake nyeupe ilikuwa imejaa vumbi.

"Pasafi," alisema. "Mtie tengani."

Siku hizi Ishak anakohoa kidogo sana. Akitoka chuoni kusoma Kurani hupita ghalani, husimama mlangoni, humwita Shombo, humpungia mkono. Hamkumbatii, maana amekatazwa, na siku nyengine hulia njiani. Bi Kijakazi alipelekewa mtetea wake. Alimpokea bila ya kucheka.

Mwezi uliofuata mwanamke mmoja alituma tangazo katika Soko Letu. "Paka watatu wazuri, hawana tabu yoyote. Awahi anayetaka."

Mwanawema aliliona kabla ya Nadhira. Akaandika chini yake, "Hakuna paka asiye na tabu. Sema tabu zao."

"Mbona unaitoa aibu yangu mbele za watu?" aliuliza yule mwanamke.

"Itoe mwenyewe," aliandika Mwanawema. "Ukiificha, atakayeumia ni paka."