Picha ya Mtume Nyuma ya Kitabu

"Moshi ni wako, karatasi ni zangu! Sasa nani amhame mwenzake?"

"Kaulize upepo! Upepo ndio ulioingia dukani kwako, mimi sijakanyaga!"

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama mbele ya karai lake la samaki, kanga kiunoni, upawa mkononi. Mbele yake Elia, kijana mwenye duka la uchapaji, alikuwa ameinua juu kadi za harusi zinazonuka kibua. Hapo ni Chikongola, karibu na sokoni, na watu walikuwa wameshajipanga kusikiliza, maana ugomvi wa majirani hawa wawili hauna damu ila una utamu.

"Bibi harusi atafungua kadi, anukie kikaango!"

"Si vizuri, ajue mapema anaolewa pwani!"

Watu wakaangua kicheko. Ndipo bajaji ikasimama, akashuka Raheli. Gauni la kitenge cha njano lilimkaa kana kwamba fundi alimshonea akiwa amesimama palepale, rasta amezifunga juu, mkoba wa kitambaa begani. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa Njombe, na joto la Mtwara lilikuwa halijamzoea. Pua yote ilimeta jasho.

"Dada, njoo hapa," Mwanaidi akamkamata mkono bila kumjua. "Wewe una uso wa haki. Kati ya samaki na kadi, kipi watakula watu leo?"

"Samaki," Raheli akasema. "Lakini mama, ukisogeza karai hadi pale ukutani, hata kadi zitapona."

Mwanaidi akamwachia. "Alaa! Nimejiitia hakimu, kumbe nimejiitia adui."

Elia akacheka mpaka kadi zikamponyoka. "Hakimu wangu, karibu ndani. Kwako kudurufu ni bure."

"Sikuja kudurufu. Nimekuja kuchapa kitabu."

Ilikuwa riwaya ya Kikristo, jina lake *Tito Hashuki Jukwaani*. Alipoulizwa inahusu nini, Raheli alijibu kwa mkato, kama waandishi wanavyoona haya: inahusu uongozi, inahusu mtu mwenye kipaji na tabia yake. "Soma, utaona," akamwambia.

Elia akapanga kurasa, na kila sura ilihitaji Raheli aje aikague, na kila alipokuja alikuta kiti kimeshafutwa vumbi na soda imeshapoa. Mwanaidi aliona yote. Kabla wenyewe hawajaambiana kitu, soko zima lilikuwa limeshawaoza.

Jioni ilikuwa zamu ya simu.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umefika wapi?"

"Sura ya saba."

Raheli akaweka kalamu chini. Sura ya saba ndiyo iliyomtoa jasho. "Umeionaje?"

"Mpenzi, nimelia."

"Muongo!"

"Haki ya Mungu, machozi kabisa."

"Basi wewe ndiye mtu niliyekuwa namtafuta," Raheli akasema taratibu, na Elia upande wa pili akafumba macho kwa raha.

Sasa ukweli ni huu. Elia hakusoma hata aya moja. Mpanga kurasa haangalii hadithi, anaangalia mistari: huu umerefuka, ule umekatika vibaya, hapa nafasi imezidi. Kitabu kizima kilipita mikononi mwake kama nguo inavyopita kwa dobi, anayejua kila kifungo na hajui ilivaliwa wapi.

Siku nakala zilipokamilika alimpigia simu Raheli akiwa hata darasani hajatoka. Raheli akafika mbio, kiatu kimoja kimelegea mkanda. Elia akamziba macho kwa viganja, akamwekea kitabu mikononi.

"Haya, mama mwandishi. Geuza nyuma, nina zawadi yako."

Raheli akageuza. Mtume Anold, mhubiri wa kanisa la turubai, alikuwa akimchekea kutoka kwenye picha, suti ya zambarau, meno yote nje, kidole kimeelekea mbinguni. Chini yake maneno ya dhahabu: *Dibaji na Mtume Anold*. Akafungua ndani. "Nimeguswa na kitabu hiki," Mtume aliandika, "kinachowafundisha waumini kumtii kiongozi mwenye upako bila maswali."

"Nani ameweka hiki kitu?"

"Mimi!" Elia bado alikuwa akitabasamu. "Nilitaka kukushangaza. Kitabu cha Kikristo bila mtumishi mkubwa nyuma nani atakishika, mpenzi? Vyote ninavyochapa viko hivyo. Na amekubali, Jumapili anakizindua mwenyewe, turubai zima litakuwepo."

Kuhusu desturi hiyo hakudanganya. Pale mjini msomaji wa vitabu vya dini hugeuza nyuma kwanza, aone uso wa nani, ndipo aulize habari za ndani.

"Elia. Sura ya saba inasema nini?"

Nje samaki walisikika wakitatarika kwenye mafuta.

"Inasema… mambo ya uongozi."

"Mambo gani?"

"Raheli, si unaijua mwenyewe…"

"Inasema binti wa kwaya alitiwa mimba na kiongozi wake! Kisha kiongozi huyohuyo akamsimamisha mbele ya kanisa aungame uzinzi, kipaza sauti amemshikia yeye, na watu wakaambiwa wapige makofi kwa rehema za kiongozi. Huyo binti ni Lucy. Na huyo kiongozi umenibandikia hapa, na meno yake!"

Elia akakaa kwenye kiti. Habari za Lucy nani hakuzijua? Mji wote ulizila, na wengi walishiba upande wa Mtume, kwa sababu Mtume akilia madhabahuni hata wewe uliyekuja kuchungulia tu unatafuta leso.

"Lucy alinikubalia niandike kwa sharti moja," Raheli akaendelea, sauti sasa imeshuka, na ikatisha zaidi. "Mtu yule asipate sifa hata chembe. Nikamwapia. Wewe umeniambia umelia! Ulilia nini, Elia? Ulililia nafasi kati ya mistari?"

"Lakini majina ulibadilisha, nani atajua? Tukitoe kwanza, toleo la pili…"

Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Bora kisitoke. Bora kiliwe na mchwa! Unapanga maneno ya watu kama tofali, hutaki kujua ndani analala nani. Usinipigie."

Akatoka. Bi Mwanaidi, aliyesikia kila neno na hakujificha, akamsindikiza Raheli kwa macho, kisha akamgeukia Elia, akatikisa kichwa. "Ntoto wewe, leo hata moshi wangu una afadhali."

Tangazo la uzinduzi lilikuwa limeshatoka. Mtume alilirusha mwenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp: picha yake kubwa, jalada dogo pembeni, na maneno kwamba mwalimu Raheli ameandika riwaya akiongozwa na huduma yake. Kabla ya magharibi lilikuwa limefika kijijini Mpapura, kwa mama mdogo wa Lucy, alikokwenda binti huyo na mtoto wake baada ya mji kumshinda. Lucy alimtumia Raheli maneno mawili tu: "Hongera, mwalimu." Kisha akazima simu.

Elia alipiga, hakupokelewa. Akapiga tena, akapokelewa na sauti ya mtambo. Kesho yake alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo Chikongola haijaliona, akakaa kwenye maboksi akasoma. Alisoma kuanzia neno la kwanza, kidole juu ya mstari kama mtoto wa darasa la pili. Alimpenda Tito, yule kiongozi wa kitabuni, mwanzoni, na hilo ndilo lililomuuma, maana Raheli alimwandika Tito apendeke: anajua majina ya wajane wote, anaimba mpaka ngozi inasisimka. Alipofika sura ya saba akasimama. Alipoimaliza akaweka kitabu kwapani, akatoka bila hata kufunga komeo.

Turubai la Mtume liko nje kidogo ya mji. Kina mama walikuwa wakipanga viti kwa ajili ya Jumapili, na Mtume alikuwa katikati yao, shati jeupe, mikono imekunjwa, anabeba viti pamoja nao. Tusimnyime lake: ana mvuto. Ukimwona hivyo unaweza kumkabidhi nyumba na funguo.

"Mwanangu Elia!" akapaza sauti. "Mguu wa baba unaendeleaje? Mwambie namwombea."

"Mtume, kitabu ulikisoma?"

"Roho amenionyesha yaliyomo."

"Amekuonyesha ukurasa gani?"

Mtume akacheka, akamwekea mkono begani. Elia hakuutoa. Alifungua sura ya saba akaanza kusoma, si kwa kelele, ila kwa sauti inayofika. Binti alivyoitwa mbele. Kanga ya kuazima aliyojifunika. Kiongozi alivyomnong'oneza, "Sema wewe tu, mimi usinitaje, nitakutunza," kisha akakisogeza kipaza sauti mdomoni mwake. Makofi.

Viti viliacha kugongana. Mama mmoja mnene, aliyepiga makofi siku ile mpaka bangili ikakatika, alikaa chini polepole. Mkono wa Mtume uliondoka begani mwa Elia wenyewe.

"Hizo ni fitina za adui," Mtume akasema. Tabasamu lilibaki, ila macho yaliliacha peke yake. "Hilo jina limetajwa wapi? Nani ana ushahidi? Kijana, mimi ndiye niliyekuinua. Kitabu hicho hakitatoka."

"Kitatoka. Anayetoka ni wewe. Unatoka kwenye jalada na kwenye dibaji, leo hii."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Jana nilikuwa sijui," Elia akasema. "Na ninyi kina mama, mlikuwa hamjui?" Hakuna aliyeinua kiti tena.

Alirudi dukani akawasha mashine ya kukata. Boksi baada ya boksi, majalada yakang'olewa, kurasa za dibaji zikaondoka. Meno ya Mtume yakajaa sakafuni. Mwanaidi akachungulia, akapigwa na butwaa, akachukua simu yake. Namba ya Raheli alikuwa nayo. Mwanaidi ana namba za watu wote.

"Mwalimu! Uko wapi? Huyu nchumba wako amechizika, anachuna vitabu kama mbuzi wa Idi!"

"Niko Mpapura, mama."

"Kwa huyo binti? Amekukaribisha?"

Raheli akashusha sauti. "Nimekaa nje."

Mwanaidi akakata simu hapohapo, yeye asiyejua kukata simu. Alimgeukia Elia. "Vaa shati. Mpapura. Katafute bodaboda."

Tangu asubuhi Raheli alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko la nje, chini ya jua. Lucy hakumfukuza, ila hakumpa maji wala mkeka wala neno "karibu". Na kwa watu wetu, kumwacha mgeni hivyo ni kumfungia mlango usoni. Lucy alimenya muhogo, mtoto mgongoni, kila ganda likidondoka kwa hasira yake.

"Sikujua, Lucy."

"Umeshasema."

"Nitavichoma vyote."

"Choma. Tangazo nalo utalichoma? Wanakwaya wananitumia picha, wanacheka. Wanasema hata mwalimu niliyemsimulia habari zangu amehamia kwa Mtume."

Bodaboda ikaingia uani na vumbi lake jekundu. Elia akashuka, nyusi zimebadilika rangi. Alimtazama Raheli, hakumwendea. Alikwenda kwa Lucy, akachuchumaa mbele ya muhogo.

"Dada Lucy, samahani. Mwenye kosa ni mimi. Mwalimu hakujua. Mimi ndiye niliyemwalika yule mtu, nikamweka kwenye jalada, kwa sababu sikusoma. Nilimdanganya mwalimu kwamba nimesoma."

Akampa kitabu. Kilikuwa uchi, gundi imekauka mgongoni, kimeshikwa na nyuzi. Lucy akafuta mikono kwenye kanga, akakigeuza nyuma, mbele, nyuma tena. Uso haukuwepo.

"Huku mwanzoni pamekatwa."

"Palikuwa na maneno yake. Nimekwenda kumwambia palepale turubaini, mbele ya kina mama. Nikawasomea sura ya saba."

Lucy akaacha kukigeuza. "Uliwasomea?"

"Yote."

"Mama Bangili alikuwepo?"

"Yule mnene? Alikaa chini."

Lucy akamkaza mtoto mgongoni. "Na wewe, ulipoisoma, ulisikiaje?"

"Hasira, dada. Mpaka sasa ninayo."

"Mimi nilidhani ninayo peke yangu," Lucy akasema.

Elia akagusa pale palipokatwa. "Nilifikiri, kama utakubali, dibaji uandike wewe."

"Mimi?" Lucy akatoa kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nimeshasimamishwa mbele ya watu mara moja, inanitosha. Msiweke mtu yeyote. Anayefungua akutane na Tito moja kwa moja. Ampende kwanza, kama tulivyompenda. Halafu ajionee."

Raheli akaanza kulia, kimyakimya, uso umeelekea chini. Elia akasogea, akakaa kwenye kizingiti kilekile, kwa adabu, akiacha nafasi kati yao.

"Raheli, bado hutaki nikupigie?"

"Nani amekwambia nimekusamehe?"

"Hakuna. Nauliza tu simu."

"Utanisomea kwanza. Kitabu kizima, kwa sauti, nikusikie."

"Hata kila mwaka, nyumbani kwetu, ukikubali kuwe kwetu."

"Muone!" Raheli akajifuta pua kwa kiganja. "Umechafuka hivyo unaposa? Kaoge, ulete wazee."

Nafasi iliyokuwa kati yao kwenye kizingiti ikawa imekwisha, na hakuna aliyeona nani aliyesogea.

Lucy alikuwa ameshaingia ndani na kutoka. Mkononi alishika jagi la maji na beseni la kunawia. Alisimama juu ya Raheli, akamtazama, na alipozungumza sauti yake ilikuwa bado na makali, lakini ilikuwa imefungua mlango.

"Mwalimu, jua lote hilo umekaa nje kama mdai. Nawa mikono. Na huyo mwanamume wako aje, kama anakula ugali wa muhogo. Karibuni ndani, chakula kinapoa."