Kigingi Chenye Utepe Mwekundu

Walikutana kwenye foleni ya duka la kuchapa ramani, mchana, watu wamebanana. Msanifu majengo, gauni la bluu na penseli kwenye nywele, aligeuka ghafla, bomba lake la ramani likampiga kidevuni mpima ardhi mmoja.

"Dada, ndiyo salamu hiyo?"

"Pole kaka. Ila kidevu chako nacho kimevuka mpaka."

Utani ukazaa simu, simu zikazaa mapenzi. Bibiye alipopata kazi yake ya kwanza kubwa, vijumba sita vya mapumziko ufukweni, rangi ya mchanga, paa zimeinama chini ya vichaka hata usivione mpaka uvifikie, alimwita mpenzi wake akapime. Siku hiyo bahari ilikuwa mbali kabisa. Walizunguka wameshikana mikono, wakicheka ovyo. Kigingi cha kwanza bibiye alikipigilia mwenyewe, akakifunga utepe wake mwekundu wa nywele.

Wiki mbili baadaye bibiye alifungua ramani ya vipimo mbele ya mteja, mpima ardhi kando yake, akapigwa na butwaa. Vijumba vyote vilikuwa vimesogezwa nyuma hatua arobaini!

"Nani kakutuma uniharibie kazi?"

"Mpenzi, nilikupigia, ukasema uko bize..."

"Usiniite mpenzi! Kazi hii unaiacha leo."

Mpima ardhi alimtazama mteja, akameza maneno, akaondoka.

Hasira hasara. Siku ya bamvua, bahari imejaa pomoni, bibiye alikwenda peke yake kurudisha vigingi vyake. Alitafuta utepe mwekundu nchi kavu yote. Kisha akauona, baharini, unachezacheza chini ya maji. Mungu wangu! Msanifu mzima alichora maji yakiwa yamekupwa, kisa mapenzi, akasahau kwamba bahari hurudi. Wageni wangelala humo! Aliingia na gauni lake mpaka kiunoni, akampigia simu mpima ardhi.

"Nimekiona kigingi. Kwa nini hukusema mbele ya mteja?"

"Nikuaibishe kwenye kazi yako ya kwanza? Heri nifukuzwe mimi."

Machozi yakamtoka. "Na hiki mbona hukuking'oa?"

"Hicho ulikipiga wewe. Mkono ulikataa."

"Njoo unioe," alisema, akashtuka kusikia ni sauti yake mwenyewe.

 

"Toka majini kwanza," mpima ardhi akajibu. "Nakuja."