Barafu ya Vidole Vitatu

Jumamosi ile ya mwezi wa saba ilianza vizuri kuliko Jumamosi nyingi. Jua lilikuwa halijagusa paa la stesheni ya Toongabbie, kitongoji cha Sydney, na tayari Domina alikuwa amekaanga maandazi na kuyafunga kwenye foili. Mumewe, Nehemia, alikuwa akipanga vyombo nyuma ya gari huku akipiga mluzi: keke kubwa ya mkono ya kutobolea barafu, mtaimbo, kamba ya mita thelathini, mishipi miwili mifupi, chambo, kipimo cha unene wa barafu, na upawa wa kuchotea vipande vya barafu shimoni.

"Wenzako wakitaka samaki wanakwenda dukani Merrylands," Domina alimwambia. "Wewe unamfuata kwenye friji ya Mungu."

Nehemia alicheka. Alikuwa mtu wa Makete, huko ambako sakitu huunguza viazi shambani, na baridi haikumtisha tangu utoto. Halafu alisomea uhandisi Ufini kwa miaka sita. Huko mzee mmoja jirani yake alimfundisha kuketi juu ya ziwa lililoganda, kutoboa tundu na kuvua. Alipohamia Sydney, kila aliyemweleza habari hiyo alimcheka. Barafu ya kukanyaga, Australia? Lakini kwa majira mawili ya baridi Nehemia alikuwa akikesha na picha za setilaiti na takwimu za joto. Alitafuta maji madogo, yaliyo juu milimani, yaliyozibwa na kilima jua lisiyafikie, na yasiyopitiwa na mto, maana maji yanayotembea huila barafu kwa chini. Akayapata mahali pamoja tu: bwawa la zamani katika milima ya theluji, saa sita na ushee kwa gari. Mwaka huo baridi ilikuwa imewahi. Usiku kumi na tisa mfululizo chini ya sifuri.

Wa kwenda naye alikuwa Mirindi, Mkongo wa Uvira, rafiki yake wa kwaya, aliyekuwa akifanya kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala. Miaka minne walikuwa wakiimba besi bega kwa bega. Mirindi alikulia kando ya Ziwa Tanganyika, na maji aliyajua kuliko kitu chochote.

"Maji ya kuoga, ndiyo. Maji ya mutumbwi, ndiyo," alisema walipokwisha kuupita mji wa Goulburn, mdomo umejaa andazi. "Lakini kutembea juu yake? Ile iko kazi ya Yesu peke yake."

Nehemia alimpa masharti njiani. Barafu nyeusi, ile inayopitisha macho, ndiyo ngumu. Nyeupe ina hewa ndani, usiiamini. Sentimita kumi humbeba mtu. Chini ya saba, rudi ulikotoka. Gonga kwa mtaimbo kabla ya kukanyaga.

"Kwetu iko sharti moja tu," Mirindi alisema. "Maji ikikuita jina, usiitike. Mutu anaita mara mbili, mara tatu. Maji inaita mara moja."

"Kwani maji yana mdomo?"

"Iko nayo."

Nehemia alicheka hadi akayafuta machozi. Mirindi hakucheka.

Walifika saa saba mchana. Bwawa lilikuwa limelala kwenye bonde kama sinia, limezungukwa na mikaratusi mifupi iliyopindwa na theluji. Upepo ulikuwa umelifagia. Barafu ilikuwa tupu, nyeusi, inang'aa. Hakukuwa na ndege. Theluji ya ukingoni haikuwa na alama hata moja ya mnyama aliyekuja kunywa.

Nehemia alitoboa hatua tano kutoka ukingoni na kupima. Sentimita kumi na nne. Moyo ulimruka kwa furaha. Alipaswa kujifunga kamba kiunoni, na alilijua hilo, lakini kwa barafu ya unene ule aliona ni woga tu. Akamwachia Mirindi kamba pale ukingoni, akaenda. Hatua ishirini: kumi na tatu. Hatua arobaini: kumi na mbili. Hapo akachutama, akateremsha mshipi.

Haikuchukua dakika mbili. Mshipi ulivutwa mara tatu, kwa nguvu, kwa mpango, kisha ukalegea. Alipoupandisha, ndoana haikuwepo. Alidhani umekatika. Akafunga ndoana nyingine, akakaza fundo kwa meno, akateremsha. Ukavutwa mara tatu. Ukalegea. Safari hii aliutazama vizuri ule uzi. Haukukatika. Ulikuwa bado umejikunja mahali pa fundo.

Fundo lilikuwa limefunguliwa.

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka kilimani. Nehemia aliinuka, akaona afadhali ajaribu mahali pengine. Akagonga mbele yake kwa mtaimbo. Koh, koh, koh.

Chini yake kukajibu. Koh, koh, koh.

Mwangwi, alijiambia. Barafu huongea, Ufini aliisikia ikiimba usiku kucha. Akagonga mara mbili. Kukajibu mara mbili. Akauinua mtaimbo, akaushika hewani, asigonge.

Kukagongwa mara moja. Chini ya unyayo wake wa kulia.

Akasogea pembeni. Ule mlio wa kugonga nao ukasogea.

"Nehemia."

Ilikuwa sauti ya Mirindi, imetulia, karibu.

"Naam!" alijibu.

Kisha, kutoka mbali ukingoni: "Unasema na nani?"

"Si wewe umeniita?"

"Mimi sikukuita."

Ukungu ulikuwa umeshafunga. Nehemia hakuuona tena ukingo, wala miti, wala mtu. Aliisikia tu sauti ya rafiki yake, nayo sasa ilikuwa mnong'ono: "Ndugu yangu. Umeitika?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Chini yake kulianza mkwaruzo. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Taratibu, bila haraka, kama mtu aliyeketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Akatazama tundu lake. Maji yake yalikuwa yanachemka machicha meupe ya barafu, yakipanda kutoka chini, yakimwagika juu, yakimfikia miguuni.

Akapiga magoti, akatumbukiza kipimo. Nane.

Ilikuwa kumi na mbili.

Akapima tena. Sita. Kipimo kikavutwa kutoka mkononi mwake, taratibu, kama mtu anavyompokonya mtoto kisu. Akavua glavu, akapima kwa vidole.

Vidole vitatu.

"Njoo huku," sauti ya Mirindi ilisema upande wa kulia. "Barafu ya huku ni nene."

"Nehemia!" sauti ya Mirindi ilipaza upande wa kushoto. "Nehemia! Kuya huku! Kuya na tumbo, usisimame!"

Sauti ni ile ile. Mkwaruzo wa koo ni ule ule, ule wa besi aliousikia sikioni mwake kila Jumapili. Ya kushoto ilikuwa mbali na imejaa hofu. Ya kulia ilikuwa karibu na imetulia, na mtu aliyeogopa hufuata utulivu. Nehemia akainuka. Akapiga hatua moja kulia.

"Njoo," ikamwambia. "Usiogope. Njoo."

Akasimama. Miaka minne, Mirindi hajawahi kusema "njoo". Hata mara moja. Husema "kuya". Wala hasemi barafu "ni" nene. Angesema "iko" nene. Huyu wa kulia alikuwa na koo la Mirindi, lakini Kiswahili alichokisema kilikuwa cha Nehemia mwenyewe. Alikuwa amekisikiliza kupitia barafu, akajifunza.

Nehemia akalala kifudifudi. Akaanza kutambaa kushoto.

Alifumba macho. Barafu nyeusi hupitisha macho, na hakutaka kuona. Mkwaruzo ukamfuata. Ulikuwa chini ya kifua chake sasa. Alipoacha kutambaa, nao uliacha. Barafu chini ya mbavu zake ilikuwa na uvuguvugu, kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Maji yakamlowesha viwiko. Kitu kikalia ta! nyuma yake.

"Mirindi," alinong'ona.

"Naam!" kukajibiwa nyuma.

Haikuwa tena sauti ya Mirindi. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Naam!" ikasema. "Naam! Naam!"

Kiganja kikamdaka kifundo cha mkono.

"Iko mimi," ulinong'ona ukungu. "Funga kinywa. Usiitike tena."

Mirindi alikuwa amelala juu ya barafu kama yeye, kamba kiunoni, ncha yake ya pili imefungwa kwenye mkaratusi. Machozi yalikuwa yakimtoka wazi wazi na midomo inatetemeka kwa sala. Walivutana. Nyuma yao barafu ilipasuka kwa mlio mrefu, na maji yakaruka pale Nehemia alipokuwa amesimama. Hawakugeuka. Walipogusa theluji ya ukingoni waliendelea kutambaa hadi kwenye gari, watu wazima wawili, kwa magoti na viganja.

Keke, mtaimbo, mishipi, vyote waliviacha huko.

Mirindi ndiye aliyeendesha. Joto la gari liliwashwa hadi mwisho na bado meno ya Nehemia yaligongana. Walikuwa wameikaribia Sydney alipoweza kusema.

"Ungekaa tu ukingoni. Ungenivuta kwa kamba."

"Kamba ilikuwa fupi."

"Hukuogopa?"

"Franchement, ukweli mutupu?" Mirindi alitazama barabara. "Nilijikojolea, ndugu yangu. Lakini ningemuambia nini Domina?"

Domina aliambiwa yote usiku ule ule, na Mirindi, mezani, chai ikipoa. Kisha alimwita Nehemia aje kulala, akamwita mara ya pili. Aliinuka akaja bila kuitika. Hadi leo, majirani wa Toongabbie wanamwona ana majivuno: ukimwita jina, anakugeukia na kukutazama mdomo, kwanza.

Jumapili asubuhi Domina alitoa buti za mumewe uani azioshe. Akazipindua kukung'uta tope. Kwenye nyayo zote mbili, kutoka kisigino hadi kidoleni, mpira ulikuwa umechimbwa mistari mirefu, iliyonyooka, kina chake kimeikaribia soksi.

Alitandaza mkono wake juu ya unyayo mmoja, akaweka kila kidole kwenye mstari wake. Vilienea vizuri, vyote vitano.

Ukabaki mstari mmoja.